Ujumbe wa Kila Ijumaa

Ijumaa ya kwanza baada ya kumzika mwenzetu, simu yangu ililia saa nne asubuhi nikiwa darasani. Ujumbe ulikuwa na jina lake juu. "Mwalimu, diski inachoka. Lete ile mpya." Chaki ilinianguka. Wanafunzi wakacheka, nikawafokea bure, nikatoka nje kusimama juani.

Nilijua ulikotoka. Aliuandika mwenyewe akiwa hai, akaiagiza kompyuta yake iutume kila Ijumaa mpaka diski mpya ifungwe. Nilijua hivyo, na bado niliusoma upya kana kwamba ameuandika sasa hivi.

Tulikuwa wanne: mimi, mtu wa Singida niliyeletwa Nachingwea na ajira, nesi wa zahanati moja ya Nanganga, mwenye duka la vifaa vya kuandikia Ruangwa mjini, na yeye, mkulima wa korosho na ufuta wa Marambo, aliyejifunza kompyuta kwa ubishi tu. Jumamosi moja kila mwezi tulikutana kwa ajili ya programu huria, zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzifungua, kuzirekebisha na kuzigawa. Mwezi huu dukani Ruangwa, mwezi ujao chumbani kwake. Kwake ndiko ilikokuwa seva yetu, mashine ya kutunzia kazi za wote: kompyuta kuukuu isiyo na mfuniko, sola juu ya bati, na modemu ambayo bando lake lilitosha kutuma ujumbe mfupi tu. Kazi zetu tulizibeba kwa flashi, tukazipakia palepale mezani pake. Tulipomshauri tuziweke kwenye mitandao ya kampuni kubwa, bure, kama wanavyofanya watu wote, alikuwa mkali. Vya kwetu vikae kwetu, alisema, na sisi tulimpenda kwa ukaidi huo.

Kazi yake mwenyewe ilikuwa programu ya maneno ya Kimwera. Unabonyeza neno, unalisikia likitamkwa, na sauti ni yake. Kazi zetu sisi zilibaki pia kwenye flashi zetu. Sauti zake hazikuwa na nakala popote. Nakala ingekaa kwenye diski niliyoinunua Dar es Salaam kwa niaba ya kikundi, na diski hiyo ilikaa begini mwangu mikutano mitatu. Nilikuwa nimeijaza tamthilia. Kila mara nilidanganya kwamba bado haijafika. Ni aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Homa ilimchukua kwa siku nne. Baada ya mazishi mama yake alikifunga chumba kwa kufuli. Kwao chumba cha marehemu hakiguswi mpaka arobaini, ndipo vitu vyake hugawiwa. Waliofunga hawakujua kama humo kuna kitu cha kuzimwa, na sisi tuliojua tuliona haya kuzungumza habari za mashine msibani. Ikabaki inafanya kazi peke yake.

Ujumbe wa pili ulipokuja nilikwenda Marambo. Nilimkuta mama amekaa kwenye mkeka, mgongo kauegemeza kwenye mlango ule. Feni ya kompyuta ilisikika ndani. Alinieleza kwamba hukaa hapo kila akimaliza kazi za uani, kwa sababu sauti hiyo ndiyo aliyozoea kuisikia mwanawe akiwa kazini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na mimi Kimwera sijui hata kuomba maji, kwa hiyo tulizungumza polepole. Nilimwomba afungue, nikamwambia diski ikifa, maneno yote yatapotea. Alitikisa kichwa kukataa. Ndipo nikasema nililoapa njiani kutolisema, kwamba sauti ya mwanawe imo humo.

Aligeuka, akaweka sikio mlangoni.

"Inasema?"

"Inasema, mama."

"Basi ikae na yeye. Siku zake bado."

Niliondoka nimefura. Niliilaani ile kufuli, nikazilaani mila zao, nikamlaani na marehemu kwa ukaidi wake. Hasira ilinifikisha hadi nyumbani Nachingwea. Mlangoni niliingiza mkono begini kutafuta funguo, nikaigusa diski.

Jumamosi tulikutana Ruangwa watatu. Kiti chake hakuna aliyekikalia. Nesi aliuliza diski imefikia wapi, nikajibu iko njiani. Nilisema uongo huo huku begi likiwa miguuni pangu, na nikaogopa kulisogeza.

Ijumaa ya tano ujumbe haukuja. Nilikaa na simu mkononi hadi adhana, nikimwomba mtu aliyekufa anikumbushe tena.

Siku ya arobaini, baada ya khitma na chakula, mama alifungua. Feni ilikuwa bado inazunguka. Diski ya zamani ilikuwa inagonga, tik, tik, kama ukucha mezani. Ile mpya nilikuwa nayo, nimeifuta tamthilia zote. Tulihangaika hadi alasiri, na tulichokiokoa kilikuwa sauti moja tu nzima: salamu ya asubuhi, ambayo ndiyo aliyoanza kuirekodi. Nyingine zote zilikuwa mikwaruzo.

Nesi aliiweka kwenye simu yake, tukampa mama. Mwanawe alimsalimu. Mama aliitikia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemjibu mwenzake kutoka jikoni. Akasubiri. Kisha akanigeukia mimi, mwalimu, akaniuliza mbona haendelei.

Nilimwambia. Kwa Kiswahili chepesi nilichoweza, nilimwambia kwamba diski nilikuwa nayo mimi, tangu mwanawe akiwa hai, ndani ya begi hili. Nesi na mwenye duka walinitazama. Mama hakunitazama. Alibonyeza tena pale nilipomwonyesha, akaisikiliza salamu mpaka mwisho, akamjibu mwanawe.