Mchuma Maua Aliyebebeshwa Tunda la Mti Mwingine

Saa kumi alfajiri, maji ya bondeni yanamfika kiunoni, na Popo amesimama chini ya mti wake na chandarua begani kama bwana harusi aliyepotea njia. Tochi iko kichwani. Mkasi wa kukatia matawi ameuuma kwa meno, kwa sababu mikono yote miwili imeshika ngazi. Mbu wa bonde hili wana sifa zao: wakikukamata wawili, mmoja anakushika mikono, mwingine anakupekua mifuko.

"Usipige chafya," anamnong'oneza mgeni aliyemfuata, baada ya kuutoa mkasi mdomoni. "Ukipiga chafya tu, yanaanguka."

Anazungumzia maua. Mti huu, ambao wengine huuita mtomondo, huchanua giza likishaingia. Maua yake huning'inia kwenye mikufu mirefu kupita mkono wa mtu mzima, na kila ua ni kishada cha nyuzi nyeupe zenye wekundu, mfano wa brashi ya kujipaka poda. Usiku kucha popo wenyewe, wale wenye mabawa, huja kunywa utamu wake. Kukipambazuka, ua huachia lote mara moja na kudondoka majini. Ukifika saa moja asubuhi utakuta zulia juu ya maji, na mtini hamna kitu.

Ndiyo maana mtu huyu akaitwa Popo. Anaamka wakati popo wanarudi kulala, na watu wa mtaani kwake wanaapa kwamba aliwahi kuonekana ananing'inia kichwa chini, amesinzia. Yeye hakanushi. "Nilikuwa nimechoka," anasema.

Ana miaka hamsini na sita. Kwa miaka ishirini na saba amekuwa mchumaji wa hifadhi ya mimea mikavu iliyo kilimani, jengo refu lenye makabati ya chuma na harufu ya dawa ya wadudu inayokufuata mpaka nyumbani. Kazi yake ni kupanda mti, kukata tawi lenye ua, kulilaza ndani ya magazeti makuukuu, kulibana kwa mbao na mikanda, kisha kulikausha. Kulipa jina ni kazi ya wenye shahada.

Ameajiriwa kama kibarua, mkataba wa miezi mitatu mitatu. Ameshatia sahihi mara mia moja na nane. Malipo ya siku moja hununua kilo tatu za unga, kipande cha sabuni na chenji ya kuitazama tu.

Sahihi ya mia moja na tisa haitakuwepo. Zimebaki siku kumi na moja. Barua aliyopewa ina sababu moja: uzembe kazini. Uzembe wenyewe una umri wa miaka kumi na tisa, na Popo anaapa kwamba si wake.

"Wangenifukuza kwa uzee, sawa. Wangenifukuza kwa ulevi, ningesema wamenionea, lakini ningewaelewa," anasema huku akifunga chandarua kuzunguka shina. "Uzembe? Mimi ninayehesabu maua gizani?"

Kisa kilianza siku alipokuja bondeni mtaalamu mmoja wa mimea, ambaye wote humwita Profesa. Wakati huo alikuwa bado na nywele na haraka. Alikaa siku tatu. Alfajiri ya mwisho Popo alimpandia mti huu huu na kumshushia mikufu miwili ya maua, mizima, hata ua moja halijaanguka. Profesa akafurahi mpaka akapigilia shinani kibati chenye namba, kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akataka matunda.

Mti haukuwa na matunda. Ulikuwa kwenye maua. Lakini chini yake, majini, yalikuwa yanaelea matunda matano.

"Profesa, hayo siyo ya hapa," Popo akamwambia. "Yamekuja na maji."

"Yako chini ya mti gani?"

"Huu. Lakini matunda ya miti hii yanaelea kama chupa tupu. Hayo yametoka huko juu."

"Bwana, tunda likianguka linakwenda wapi? Linapaa?"

Dereva wa gari la hifadhi akacheka. Popo akajaribu tena. Aliomba apewe miezi minne. Angeyachuma matunda ya mti huo mtini, kwa mkono, ayapeleke kilimani. Profesa akatazama saa yake. Safari yake ilikuwa kesho yake.

"Nani amesoma hapa," akauliza, "mimi au wewe?"

Popo akainama, akaokota.

"Kwa mkono huu," anasema na kuunyanyua kwenye mwanga wa tochi. "Silikatai hilo. Nilikataa mara mbili, ya tatu nikatii. Nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani, na mkataba ulibakiza wiki moja."

Ua la mti mmoja na tunda la mwingine vikabandikwa kwenye karatasi moja, chini ya namba moja. Mwaka uliofuata Profesa akatangaza spishi mpya duniani: maua ya aina hii, matunda laini ya mviringo kama yai la bata. Akaipa jina la mama mkwe wake, na wanaomjua wanasema mkewe hakumnunia mwaka mzima. Akapata nishani. Akapanda cheo, akapanda tena, na leo ni mwenyekiti wa bodi ya hifadhi.

Miezi minne baada ya Profesa kuondoka, mti wenye kibati ulizaa. Matunda yake yalikuwa na pembe nne, kama vijiboksi. Popo akachuma, akapeleka kilimani, akaambiwa aweke pale. Pale ni pale mpaka leo. Panya waliyasoma vizuri kuliko wataalamu.

Miaka ikapita, na spishi ya mama mkwe haikuonekana tena popote. Wataalamu waliizungukia mabonde. Mmoja alizama matopeni mpaka kwapani akatolewa na trekta, na inasemekana trekta nalo likatolewa na ng'ombe. Hawakuipata, kwa sababu haikuwepo.

Miaka mitatu iliyopita akaja mtaalamu kijana, mwanamke mpole mwenye miwani, aliyekuwa anaandika kitabu kuhusu jenasi nzima ya miti hii. Wafanyakazi wanamwita Daktari tu. Huyo ndiye wa kwanza kumuuliza.

"Mzee Popo, namba hii uliichuma wewe. Huu mti uko wapi? Nimechoka kuutafuta."

"Upo, Daktari. Ila unautafuta na tunda la jirani."

Akamweleza yote. Daktari akakaa chini. Kisha, kwa kuwa ni mtu mwaminifu, akamwandikia Profesa, aliyemfundisha chuoni, kumuuliza. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo, na kila mtu kilimani alilisoma kabla halijafika mezani kwake: je, neno la kibarua sasa linashindana na neno la mwenyekiti? Kibarua huyo alete ushahidi. Akishindwa, aondoke, kwa kumchafulia mtu jina.

Ushahidi uliotakiwa ulikuwa wa aina moja tu: tawi moja la mti ule wenye kibati, lenye mkufu wa maua na mkufu wa matunda kwa pamoja, ili mtu asiseme kimoja kimetoka kwingine.

Mke wa Popo ni fundi cherehani. Alimshonea mifuko arobaini ya chandarua kuukuu, mirefu kama soksi za twiga, ya kuvalisha mikufu ili tunda lisidondoke majini. Kati ya maua mia, mti huu huzaa tunda moja au mawili. Mengine yalioza, mengine yalitafunwa na wadudu waliopenya kwenye mshono. Popo alienda bondeni kila alfajiri kwa mwaka mzima na miezi miwili, nje ya saa za kazi, bila posho. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba ana nyumba ndogo.

"Waliniuliza dukani," mkewe anasimulia bila kuinua macho kutoka kwenye sindano. "Wakasema, mama watoto, mumeo anatoka saa tisa usiku amebeba chandarua, hushtuki? Nikawaambia, mwanamke huyo angekuwa na miguu ningemfuata nimtie adabu. Huyu ana mizizi. Nimfanye nini?"

"Mwambie na ile ya shuka," Popo anadakia kutoka mlangoni.

"Ile ya shuka haisemwi mbele ya wageni, baba watoto."

Miezi mitatu iliyopita tawi likapatikana. Mkufu mmoja ulikuwa na matunda mawili yenye pembe nne. Mwingine, kwenye tawi hilo hilo, ulikuwa umechanua usiku ule. Popo akalikata. Hakuthubutu kubeba tawi mpaka kilimani, kwani jua lingemkuta njiani na maua yangebaki barabarani. Alilibana pale pale, juu ya ngazi, kwa magazeti ya mwaka juzi. Kibati cha Profesa kilikuwa kimeshamezwa nusu na gome. Akamwita Daktari aje akione na kukipiga picha.

Daktari alikuja na viatu vya ofisini. Alikiona. Akalitazama tawi. Akalia kidogo, Popo anasema, kisha akacheka.

"Mzee wangu, umeshinda."

"Nilidhani hivyo," anasema Popo. "Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu aache kushona, leo tukae tu."

Bodi ilikutana wiki ile. Profesa alilitazama tawi kwa miwani, akageuza, akageuza tena. Hakubisha. Alisema ni wazi sasa kwamba matunda yale ya zamani yalitoka kwenye mti mwingine. Alisema inasikitisha. Kisha akauliza ni nani aliyeyaokota.

Daftari la porini likafunguliwa. Mchumaji aliyeandikwa: Popo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kabla ya tawi alikuwa mwongo. Baada ya tawi akawa mzembe. Dereva aliyecheka siku ile angeweza kusema alichosikia, lakini dereva ameshafariki, na kaburi halitoi ushahidi. Daktari alinyanyua mkono kwenye kikao, akasema mchumaji alikuwa ametoa tahadhari. Akaulizwa kama alikuwepo. Miaka kumi na tisa iliyopita Daktari alikuwa darasa la sita.

Kitabu kimetoka mwezi uliopita, kizito, karatasi za kung'aa. Ukurasa wa mia mbili na tatu unaiondoa spishi ya mama mkwe katika orodha ya dunia. Chini yake kuna mstari mmoja: matunda yalichanganywa na mchumaji wakati wa ukusanyaji. Mwanzoni mwa kitabu kuna dibaji. Imeandikwa na Profesa.

"Nilimwambia, Daktari, uliniahidi utaandika kwamba nilikataa," Popo anasema. Wakati huu hana mzaha. "Akaniambia, mzee wangu, bila sahihi ya Profesa kitabu kisingechapwa. Nikamwambia, sawa, na bila mkono wangu kisingeandikwa. Si mtu mbaya. Ana mkopo wa nyumba, ana bosi. Mimi pia siku ile nilikuwa na bosi, ndiyo maana niliinama."

Kunaanza kupambazuka. Ua la kwanza linaanguka ndani ya chandarua bila sauti, kisha la pili, kisha mvua nzima. Popo yuko juu, anafanya haraka, karatasi baada ya karatasi. Msimu huu mifuko ya mkewe imeshika matunda mengi kuliko mwaka jana, na leo anakata vitawi sita, kila kimoja na maua yake na matunda yake ya pembe nne. Hajatumwa na mtu, na hizo karatasi si za makabati ya kilimani.

Mchumaji yeyote anajua haifai kuchuma nakala moja tu. Huchuma kadhaa za namba ileile, na hifadhi za nchi mbalimbali hupelekeana, ili moja ikiungua nyingine ibaki. Anwani sita anazo, kwenye kikaratasi alichokikuta ndani ya koti lake siku alipolitundika ofisini. Mwandiko anaufahamu. Alipomsogelea Daktari kumshukuru, Daktari alisema, "Mimi sijakupa kitu," na akaendelea kupanga faili.

Saa mbili na nusu, mezani kwa fundi cherehani, lebo zinaandikwa kati ya vipande vya vitambaa. Popo anaandika polepole, ulimi nje. Mahali. Tarehe. Kina cha maji. Rangi ya nyuzi. Kisha: "Matunda haya yamechumwa mtini, kwa mkono wangu mwenyewe. Yale ya mwanzo yaliokotwa majini kwa amri ya Profesa, mchumaji alipokwisha kukataa mara mbili."

"Andika na mshona mifuko," mkewe anasema.

"Hakuna nafasi."

"Punguza hayo maji. Nani anataka kujua kina cha maji?"

Anapunguza maji. Mshona mifuko anaingia.

Hajui kama hifadhi hizo zitapokea karatasi kutoka kwa mtu ambaye, baada ya siku kumi na moja, hatakuwa mchumaji wa mahali popote. Stempu zitakula malipo ya siku tisa. Baada ya hapo anasema atauza miche ya mtomondo kwa wenye viwanja vya maji, kama wapo wajinga wa kutosha. Lakini karatasi zitaondoka mara zikikauka, amekwisha kuamua.

Kwenye kazi hii, anaeleza, lebo haibanduliwi. Hata iwe ya mtu aliyekosea, hata iwe ya mwendawazimu, ikishagundishwa imegundishwa. Anayepinga huandika ya kwake na kuibandika pembeni, na zote mbili zinakaa.

"Kwa hiyo akitaka kubisha, aje," anasema Popo, akipuliza wino ukauke. "Abandike yake kando ya yangu. Tutakaa karatasi moja, mimi na yeye, miaka mia mbili."