Mshale na Upande wa Koboko

Jumanne, mwezi wa nane. Mvua imenyesha tangu alfajiri, si kubwa, ile ya kuchelewesha watu tu, na ndani ya mvua hiyo leo tumemzika mchoraji wa vyuma huko kijijini kwake Aroi. Habari ya kifo chake ililetwa juzi na muuza maziwa. Alisimama mlangoni akajikung'uta maji, akasema, "Ule mutu wa kuchora vyuma amekufa. Kifua." Kisha akapima maziwa. Wasomaji wangu wa siku zote wanajua kwamba siandiki sana juu ya marehemu. Naogopa kuwapamba, na naogopa zaidi kuwaonea. Huyu nilifahamiana naye tu, hatukuwa marafiki wa ndani, lakini nusu ya mji ilikwisha kumhukumu, na watoto wake huitwa shuleni "watoto wa yule aliyeua mutu kwa karatasi". Kwa hiyo nitasema ninachokijua, na nisipojua nitanyamaza.

Kazi yake ilikuwa kuchora nguzo na mihimili ya majengo, kipande kimoja kimoja, ili karakana ijue pa kukata, pa kutoboa na pa kuunga. Elimu yangu ni ndogo, na kwa muda mrefu nilidhani kuchora chuma ni kama kuchora ng'ombe: unaangalia, unachora. Siku moja, kwenye kibanda cha chai karibu na karakana, alinicheka. Aliweka kikombe katikati ya meza, yeye upande ule, mimi upande huu, akaniuliza mshikio uko wapi. Nikasema kulia. "Kushoto," akasema. Tukabishana mpaka mama wa chai akapita na kusema, "Wanaume mbili munashindana na kikombe yangu, na chai iko inapoa." Lakini nilielewa. Nguzo ina nyuso nne, na anayeichora lazima aseme alisimama wapi alipoitazama. Yeye alisema hivyo kwa mshale mdogo wenye herufi, na pembeni ya karatasi aliweka mshale mwingine wa kaskazini. Maneno hakuandika. "Mshale unatosha," alisema, na kulikuwa na majivuno kidogo katika sauti yake, sitaficha.

Karakana nayo ilikuwa na desturi yake. Fundi mkuu ni mtoto wa kambi ya jeshi, kila mtu humwita Afande ingawa hakuwahi kuvaa sare. Yeye hakuhitaji kaskazini. Kutoka hapa Arua barabara ya kwenda mji wa Koboko inaelekea kaskazini, basi kila nguzo ilipakwa rangi nyekundu kwenye uso utakaoelekea Koboko. Wapandishaji, wale wanaosimamisha vyuma, wakifika kwenye jengo huuliza, "Koboko iko wapi?", hunyoosha mkono, husimamisha nguzo. Jambo hilo lilifaa miaka na miaka, na sioni sababu ya kulicheka. Mtu huijua dunia kwa barabara anayopita. Mchoraji pia aliijua desturi hiyo. Nilikuwepo siku alipomtania Afande, "Siku utajenga Koboko yenyewe, hiyo rangi utaweka wapi?" Afande akajibu, "Siku hiyo wewe utaniambia, Mwalimu. Si ndiyo kazi yako?" Tukacheka wote watatu.

Siku hiyo ilikuja. Lilikuwa ghala la mahindi, kupita mji wa Koboko, njia ya kwenda mpaka wa Sudan Kusini. Michoro ilikuwa na mishale yake. Karakana ikapaka rangi uso wa kaskazini kama kawaida, lori likaondoka. Wapandishaji walishuka, wakauliza Koboko iko wapi, na Koboko sasa ilikuwa nyuma yao, kusini. Nguzo zote zikasimama zimegeuka. Vile vipande vya kushikia mihimili, vilivyopaswa kutazama ndani, vikatazama nje kwenye mashamba ya watu. Mwenye ghala alikuwa na haraka ya mavuno, kwa hiyo hawakuzishusha nguzo; walivikata vipande na kuviunga upya palepale juu, kwenye manyunyu. Baadaye mhimili mmoja uling'oka ukamwangukia mpandishaji mmoja, mtu wa Ludara, baba wa watoto wadogo. Alikufa kabla ya kufika hospitali.

Watu walitafuta jina, na jina lililoandikwa popote lilikuwa moja tu, la mchoraji, chini ya karatasi. Rangi haina jina. Hakuna aliyemshtaki, waliacha tu kumsalimia. Akaacha kuchora, akarudi Aroi kulima muhogo. Nilimtembelea mara moja, nikamwambia mchoro wake ulikuwa sahihi. Alinikatiza. "Sahihi ni nini? Nilijua watasoma rangi. Neno moja lingetosha. Niliona aibu kuandika jina la mji mahali pa mshale."

Leo Afande alikuja na wafanyakazi wote, wakashika majembe bila kuombwa. Jeneza lilipokuwa bado juu ya benchi, mjane alimgeukia. "Shemeji, watu wote wako hapa. Sema sasa, watoto wasikie."

Afande alivua kofia. "Karatasi ya huyu ilikuwa sawa," alisema. "Rangi ilikuwa ya sisi. Mimi ndiye niliamuru, hakuna mutu mwingine." Nilidhani amemaliza. "Lakini alijua rangi yetu, na hakuniambia. Mimi pia sikumuuliza. Hiyo ndiyo iliua ndugu yetu wa Ludara."

Mzee mmoja akanung'unika kwamba hayo si maneno ya kaburini. "Mwacheni," mjane akasema. "Mwenyewe aliniambia hivyo hivyo." Binti yake mkubwa alikuwa amemshika mkono, akimtazama Afande bila kupepesa.

Kisha wachimbaji wakauliza kichwa kiwe upande gani. Afande akainua mkono kuelekea barabarani, kwa mazoea, halafu akaushusha. "Muulizeni mama," akasema. Mjane alizunguka kaburi polepole kwenye tope, akasimama. "Mimi nimesimama hapa. Kichwa kije kwangu." Hakuna aliyekosea.

Sijui kama mtu wa elimu yangu anaruhusiwa kutoa funzo. Tunasema kuuliza si ujinga, lakini hatuna neno la kumwonya anayejua na kunyamaza. Tunabishana kulia na kushoto, kila mmoja mkweli mahali pake, na hatusemi tumesimama wapi mpaka mtu aumie. Mchoraji hakuua mtu kwa karatasi. Alinyamaza, na wengine wakanyamaza pamoja naye. Nimeyaandika haya ili watoto wake wawe na kitu cha kujibu, ingawa si jibu tamu.

Nilirudi nimelowa. Jioni tumekula ugali wa muhogo na majani ya kunde, bila samaki.