Sikio la Mrina Asali

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba kimya kimepata mtaalamu wake, naye ni mrina asali wa Itetemia. Vidole vyake hunuka moshi hata Jumapili kanisani, na kabla ya kuusogelea mzinga humfukuza kwanza yeyote aliyejipulizia manukato. Kisha huinama polepole, hulaza sikio la kushoto ubavuni mwa mzinga na kuinua kidole, nasi wote tunaacha hata kupumua. Jana alikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Levina, ambaye alishawaahidi wakwe wa Levina ndoo nzima ya asali Jumamosi. Tukafumba macho. Katika kimya kile mimi nilisikia wapagazi wa misafara ya zamani wakihema na pembe za ndovu mabegani, ingawa huenda lilikuwa tumbo langu. Mama Levina alisikia nyuki.

"Wamejaa, shemeji! Nawasikia wanavyovuma," akanong'ona. "Wewe je?"

Mrina asali akajinyoosha, akapangusa sikio.

"Hili ni bovu tangu utotoni, shemeji. Nalilaza hapo mpate kunyamaza. Ninachotazama ni mlango wa mzinga, na tangu tufike hajatoka nyuki hata mmoja."