Mikaratusi Juu ya Chemchemi

Watu wengi huipenda harufu ya mkaratusi. Huku Kasulu, baridi ya kiangazi inapoingia mpaka kwenye mifupa, mama huchemsha majani yake kwenye sufuria, humfunika mtoto mwenye mafua kwa blanketi pamoja na mvuke ule, na mtoto hutoka amelowa jasho, pua imefunguka, amani imerudi. Mimi pia nilifunikwa hivyo. Lakini siku hizi harufu hiyo ikinijia asubuhi, nikiwa napanda kuelekea shuleni kwetu, hasira hunishika. Shule yetu ya sekondari, ya serikali, iko juu ya kilima kando ya barabara iendayo Makere na kuendelea hadi Kibondo. Nyuma ya mabweni, pale palipokuwa na chemchemi, imesimama mikaratusi mirefu, imenyooka kama gwaride, na kila mti una kibao chenye jina la mtu aliyesoma pale. Kibao cha kwanza kabisa kilikuwa na jina langu.

Nilipoingia kidato cha kwanza hapakuwa na mkaratusi hata mmoja pale juu. Hapakuwa na bomba pia. Kila asubuhi kabla ya masomo tuliteremka bondeni na ndoo, wavulana kwa wasichana, kwenye njia nyembamba iliyojaa utelezi, tukachota maji ya mto yaliyokuwa baridi kiasi cha kuuma meno, kisha tukapanda tena tukiwa tumelowa mabega. Aliyechelewa alichapwa. Aliyemwaga maji alirudi bondeni, halafu akachapwa kwa kuchelewa. Wasichana walipata taabu zaidi, maana wao walihitaji maji zaidi na hakuna mwalimu aliyetaka kulisemea jambo hilo. Mwezi haukuisha bila mmoja wao kuteguka mguu, au kufunga sanduku lake na kurudi kwao asionekane tena. Na wakati huohuo chemchemi ilikuwa pale nyuma ya shule, begani mwa kilima, inatoka chini ya mikuyu mikubwa na kupotelea kwenye majani upande wa pili, ikinywesha mbuzi wa watu.

Kiangazi kile wazazi wakaamua kuchimba mfereji. Hawakumsubiri mtu. Mkuu wa shule aliwaita, wakakaa kwenye nyasi, wakasemezana kwa Kiha mpaka jua likaelekea magharibi, na kesho yake wakaja na majembe. Baba yangu alikuwa miongoni mwao. Namkumbuka akitokea kwenye ukungu na koti lake lililoraruka kwapani, akiwasalimu wenzake, "Mwakeye!", kwa sauti iliyonifanya nijifiche nyuma ya wanafunzi wenzangu, maana alikuwa pekupeku na mimi nilikuwa nimeanza kujiona msomi. Tulichimba pamoja nao, madarasa yakipokezana. Udongo wa pale juu ni mwekundu kama matofali yaliyoiva. Uliingia kwenye kucha, ukapaka masikio, ukageuza mashati yetu meupe yakawa na rangi ambayo hakuna sabuni iliyoweza kuiondoa. Nikifumba macho nausikia ule mdundo wa majembe mengi yakianguka kwa pamoja, na mwimbishaji akiwatania wavivu kwa majina.

Walipofika kwenye chemchemi yenyewe, kijana mmoja aliinua panga afyeke mzizi wa mkuyu uliokuwa umekatiza njia ya mfereji. Baba akamshika mkono. "Huo usiuguse," alisema. "Maji yamelala chini yake." Wakauzungusha mfereji, wakachimba kazi ya siku nzima zaidi, kwenye mawe, kwa ajili ya mzizi mmoja. Mimi nilikuwepo. Niliyashika yale mawe kwa mikono yangu. Sina kisingizio cha kusema sikujua.

Jioni akina mama walileta mihogo na maharage, na kwa wazee chungu cha pombe ya ndizi kikawekwa chini ya kilima, nje ya mipaka ya shule. Kulikuwa na desturi. Hakuna aliyepewa mrija wa kunywea kabla jembe lake halijaangaliwa. Mzee aliyelinda chungu alinyoosha mkono na kusema, "Tuone jembe," nawe ulimwonyesha. Jembe lenye udongo lilipata mrija, na jembe safi lilipata kicheko. Siku moja akaja Mzee Bukuru, baba yake Nashoni, rafiki yangu tuliyekaa dawati moja. Mzee Bukuru hakuonekana kazini tangu asubuhi, lakini alifika kwenye chungu anahema, jembe limejaa tope. Mlinzi wa chungu aliligeuza lile jembe, akalinusa, akawaita wenzake waje kuliona.

"Bukuru, umechimba wapi wewe?"

"Si pale juu na ninyi! Hamkuniona? Nilikuwa huku mwisho."

"Huku mwisho wapi? Udongo wa juu ni mwekundu. Hili tope jeusi ni la bondeni. Umelichovya mtoni, mzee mzima!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Bukuru naye alicheka, lakini kesho yake alikuwa wa kwanza kufika, akachimba peke yake kipande ambacho kila mtu alikuwa amekikwepa. Jioni akapewa mrija mrefu kuliko yote. Nashoni alikuwa amelia kwa aibu usiku wa kicheko kile, na kwa muda mrefu wanafunzi walimwita Tope Jeusi.

Siku maji yalipofika uwanjani hatukusoma. Yalikuja polepole, mekundu, yakisukuma majani makavu na wadudu mbele yake, nasi tukatembea pembeni yake kama watu wanaosindikiza mgeni. Wasichana walipiga vigelegele. Mwalimu wetu wa hisabati, mtu mkali asiyejua kucheka, alivua viatu akasimama katikati ya mfereji. Tangu siku hiyo hakuna aliyechapwa kwa sababu ya maji. Wasichana walioanza na sisi wengi wao walimaliza na sisi. Mfereji ule ulibaki ukitiririka miaka na miaka baada ya baba yangu kuzikwa, na wala hapakuwa na kibao chenye jina lake popote.

Sisi tuliosomea maji hayo tukatawanyika. Nashoni alikwenda Dar es Salaam akawa mfanyabiashara mkubwa. Mimi nilifanya kazi za ofisi huku na kule mpaka nikastaafu na kurudi Kasulu. Tukaunda umoja wa waliosoma pale, tukiwa na nia nzuri. Nasisitiza nia nzuri, kwa sababu ndiyo iliyotupofusha. Nikachaguliwa mwenyekiti. Mgeni wa heshima alikuwa anakuja shuleni, nasi tulitaka kuiachia shule kitu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuuliza shule ina shida gani. Tulikaa hotelini mjini, tukala kuku, tukajiuliza sisi kwa sisi nini kitapendeza. Mimi ndiye niliyesema mikaratusi. Inakua haraka, nikasema, imenyooka, na tukiipanda pale begani mwa kilima itaonekana tangu barabarani, mtu akipita kwenda Kibondo ajue kwamba shule hii ina wenyewe. Walipiga makofi. Mikuyu ya pale chemchemini ilikuwa imeinama na kujaa kunguru na popo, ikaonekana kichaka kisichofaa kwenye picha. Nikatoa amri ikatwe. Nilisimama pale nilipomwona baba akimshika mtu mkono, nikiwa nimevaa suti, nikatazama mzizi uleule ukipigwa shoka.

Miti ilikua haraka kama nilivyoahidi. Chemchemi nayo ikaanza kupungua, kwanza kiangazi tu, baadaye hata masika, mpaka mfereji ukabaki ufa mkavu uliojaa majani ya mikaratusi yenye ile harufu. Nilipopata habari nilijiambia ni hali ya hewa. Ni jibu rahisi sana hilo, kila mtu hulikubali. Nililikubali mwenyewe mpaka asubuhi moja nilipokuwa njiani kwenda Makere, nikawaona wasichana wenye sketi za shule yetu wakipanda kutoka bondeni na madumu ya njano vichwani, wamejibana ukingoni mwa barabara ili malori ya chakula cha kambi ya wakimbizi yapite. Walikuwa wanatoka kwenye njia yetu ileile. Mmoja aliteleza, dumu likabingirika, akakaa chini pale kwenye matope akalitazama tu. Hakulia. Alionekana mtu aliyekwishalizoea jambo hilo.

Nikageuka, nikaenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa shule, Mwalimu Neema, mama mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo mzee wetu."

"Marahaba. Mwalimu, mbona hamjaniambia wasichana wameanza tena kuteremka bondeni?"

"Tukuambie nini, mzee? Kwamba zawadi yenu imetukausha?" Alisema hivyo bila ukali, ndiyo maana iliniuma. "Wataalamu wa maji walishakuja, wakasema miti ile haitakiwi kuwa pale. Lakini ina majina ya wakubwa. Mimi ni mwalimu tu, nikikata mti wenye jina la mtu wa wizarani, kesho nitakuwa wapi? Mwaka huu wasichana wameniacha. Wengine wanatoka mbali, huko Muyama. Wakienda likizo hawarudi."

Sikujua niweke wapi uso wangu. Nikamwahidi kwamba jambo hilo nitalimaliza kwenye mkutano wetu wa mwaka, uliokuwa karibu.

Mkutano ukafika. Magari yalijaa uwanjani, spika zilitikisa madirisha, na sote tulivaa fulana nyeupe zenye nembo ya shule. Nashoni, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, alisimama akatangaza kwamba safari hii tunaijengea shule geti. Geti la marumaru, lenye majina ya wote watakaochangia. Watu wakashangilia. Nikaomba kusema. Nikaeleza habari ya chemchemi, nikasema kosa ni langu, nikaomba miti ikatwe siku hiyohiyo, sote tukiwepo, na fedha za geti zikasafishe mfereji na kurudisha mikuyu. Nashoni akacheka kile kicheko cha mtu anayemwonea huruma mlevi.

"Gideoni, ndugu yangu, umeanza kuzeeka vibaya. Wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia tupande hii miti!"

"Ndiyo. Na ndiyo maana nasema."

"Basi tutawanunulia tangi kubwa. Limekwisha hilo. Mshereheshaji, weka muziki, wazee wamechoka."

"Tangi utalijaza nini, Nashoni? Hotuba?"

Waliokaa nyuma walicheka, muziki ukawekwa, pilau ikapakuliwa. Jioni nilizitazama zile fulana zikipanda kwenye magari. Zote zilikuwa nyeupe kama zilivyotoka kwenye mfuko, na nje ya uzio wasichana walikuwa wanapandisha maji ya kuoshea sahani zetu.

Nawaandikia hivi ninyi mliosoma shule za serikali, popote mlipo, na siandiki kwa upole. Mnazipenda shule zenu, najua. Mnaimba nyimbo za mabweni mkilewa. Lakini tunazirudia kama wageni wa heshima, tunaletewa viti vya mbele na soda, watoto wanatuchezea ngoma juani, nasi tunawaachia kitu chenye majina yetu kisha tunaondoka kabla giza halijaingia. Rudini siku isiyo na sherehe. Fikeni bila taarifa, saa ambayo watoto wanaamka, mfuateni mmoja anakokwenda na ndoo, mkalale usiku mmoja kwenye bweni. Muulizeni mwalimu swali, na mkishamuuliza nyamazeni mpaka amalize kujibu. Mkiona kwamba zawadi yenu ya zamani inaumiza, iondoeni wenyewe, kwa mikono yenu, kwa sababu hakuna mwingine pale mwenye uwezo wa kuikataa.

Mimi nilianza na mti wangu. Nilikwenda na shoka asubuhi ya wiki iliyofuata, baada ya kuandika karatasi mbele ya Mwalimu Neema kwamba mti ni wangu na nimeukata mimi. Nilikata, nikapumzika, nikakata, mikono ya uzee ikatoka malengelenge, mpaka mti ukaanguka na kibao chake kikapasuka. Nilirudi nyumbani najiona nimefanya jambo. Niliporudi baada ya mvua, kisiki kilikuwa kimechipua machipukizi mengi, mabichi, yananukia. Mkaratusi hauondoki kwa kukatwa mara moja. Kwa hiyo sasa nakwenda mara kwa mara, nayavunja machipukizi, nafukua mizizi kwa jembe kidogo kidogo, na pembeni nimeshindilia vipandikizi vya mkuyu ambavyo kivuli chake sitakikalia. Baba na wenzake walileta maji kwa kiangazi kimoja. Mimi niliyaondoa kwa siku moja ya makofi, na maisha yaliyobaki hayatatosha kuyarudisha yote. Pale kwenye shimo la mti wangu udongo umeanza kuwa na unyevu. Miti mingine bado imesimama na majina yake, na wasichana bado wanateremka bondeni.

Juzi Nashoni alinipigia simu kutoka Dar. Geti limekamilika, linazinduliwa mwezi ujao. Alikuwa mchangamfu, kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Kaka, fulana yako niandike saizi gani? Kubwa?"

"Sihitaji fulana," nikamjibu. "Wewe njoo na jembe, nitakuwa pale juu. Na usilichovye mtoni, Nashoni. Nitaliangalia."

Nilisikia honi za magari ya Dar nyuma yake. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa dawati moja, akauliza kama udongo wa pale bado ni mwekundu.