Stoo Iliyosomwa Kinyumenyume

Wifi yangu alijifunga kamba mwenyewe, halafu akamkabidhi bosi ncha yake. Nasema kwa uchungu, maana nampenda, ingawa tukikaa pamoja ni kutaniana tu. Yeye ndiye mtunza stoo ya spea pale gereji. Mimi napiga rangi magari uani.

Stoo yake ina njia tatu, kila njia rafu tatu, kila rafu boksi tatu, na hesabu inaanzia sifuri. Sifuri-moja-mbili maana yake njia sifuri, rafu moja, boksi mbili. Zamani mafundi walikuwa wanajichukulia tu: wanasoma namba ya spea kwenye orodha ya ukutani, wanaingia, wanachomoa. Wifi akachoka. Akahamisha vitu ili namba isomwe kutoka nyuma: ukiona sifuri-moja-mbili, nenda mbili-moja-sifuri. Hakuna spea iliyokosa boksi, wala hakuna mbili zilizogombania boksi moja. Zilibadilishana tu, mbili mbili. Na zile kama moja-sifuri-moja hazikusogea kabisa, na ndizo zilizowamaliza watu. Fundi anakuta pedi za breki mahali pake, anajisifu, kumbe saa hiyo hiyo anatafuta beringi anatoka na plagi.

"Wifi, una roho mbaya wewe!" nikamwambia, mbavu sina.

"Waache wakome."

Wizi ulikoma kweli, lakini naye hakutoka tena. Kila aliyeshikizwa stoo alifundishwa, akaitikia vizuri, mzigo mpya ulipokuja akaupanga kwa mazoea, kusoma mbele. Nusu huku, nusu kule. Hata kwenye msiba wa kaka yangu, yaani mumewe, bosi alipiga simu: basi limekwama, klachi haionekani. Akaenda, macho yamevimba. Nilimchukia yule mtu siku ile. Tunamwita Bwana Kesho, kwa sababu ukiomba likizo jibu ni hilo hilo.

Sasa bintiye akakaribia kujifungua, mimba ya kwanza, mji wa mbali. "Mama njoo, naogopa," akasema kwenye simu. Wifi akaenda ofisini.

"Nikikuachia, nani ataijua hiyo stoo?" Bwana Kesho akamjibu. "Kesho tutaongea."

Kesho hiyo ikala wiki nzima na zaidi. Wifi hali, halali. Mwishowe nikafoka: "Si uzirudishe, jamani! Kama zilibadilishana mbili mbili, tuzibadilishe tena!"

Tukafunga mlango asubuhi ile, mimi na ovaroli langu la rangi, tukahamisha boksi kwa boksi. Jioni namba zote zilisomeka mbele. Tukamwita mlinzi wa getini, mtu ambaye hata chenji humchanganya. Akatoa kila alichoagizwa. Bwana Kesho, aliyekuwa akitazama, akampa wifi ruhusa na mlinzi funguo.

Wifi akampigia bintiye pale pale mlangoni, uso umemchanua.

"Mama, nilijua hawatakuruhusu," binti akasema. "Mama mkwe ameshafika, na chumba cha wageni ni kimoja. Usisumbuke tena, utakuja siku nyingine."

"Haya mwanangu. Vizuri."

Roho iliniuma. Yeye aligeuka, akaingia stoo. Mlinzi alikuwa njia ya mwisho, anamkabidhi fundi beringi bila kusita.

"Mama, umesahau kitu?" akamuuliza.

"Hapana," wifi akasema, akajibana ukutani ili fundi apite.