Sikio Nililoliacha kwa Fundi

Vumbi la ndani ya mashine lina harufu yake. Si ya barabara, si ya unga. Ni ya plastiki iliyopata moto, waya, na kitu kama ukucha ulioungua. Juzi mjukuu wangu Furaha alifungua kompyuta yake ya michezo juu ya meza yangu ya kulia, akapuliza, na harufu ile ikaniingia puani moja kwa moja. Nilitaka kumgombeza kwa ajili ya meza yangu. Nikakaa chini badala yake.

"Koko, nisaidie kuchagua," akasema.

Muuzaji wa mjini alikuwa amemwekea vitu viwili hadi saa kumi, naye angeweza kuchukua kimoja tu. Cha kwanza ni prosesa, yaani kichwa kinachofikiri upesi. Cha pili ni vijiti viwili vya memori, ambavyo yeye aliviita meza: meza ikiwa ndogo, kichwa kifikiri namna gani, vitu vinaanguka na mchezo unaganda. Tena hiyo prosesa mpya lazima iingie kwenye kiti cha zamani, yaani tundu lake ndani ya mashine, la sivyo ni kazi bure. Mimi nilisoma miaka mitatu tu, lakini nilielewa kuliko wote waliokuwa nyumbani. Nikamwambia achague mwenyewe. Akachukua memori, akaenda zake akiimba. Hakujua kwa nini nilikataa. Ninyi nawaambia.

Nilikuwa na miaka kama tisa volkano ilipopasuka. Tulikaa Kibati, kijiji cha chini ya mlima ule, karibu na Goma. Wengine wanadhani moto ule ulishuka polepole kama uji. Hapana. Ulikimbia kama maji. Papa alibeba redio kichwani, mama akambeba mdogo wangu, mimi nikabeba kuku ambaye alininyea mgongoni mpaka Goma. La kuku tulilicheka baadaye. La shamba letu la migomba lililoungua hatukulicheka. Njiani papa alijikwaa, redio ikaanguka kwenye mawe, na tulipofika kwa shangazi, mtaa wa Katindo, ilikuwa inakoroma tu kama mgonjwa.

Kaka yangu mkubwa, Bahati, alikuwa askari katika kambi ya pale. Hata hajamaliza kutujengea kibanda, wakatumwa kusini, mkoa wa Shaba, ambako waasi walikuwa wameingia. Wake za askari wakatuambia kwamba kila Jumapili alasiri redio ya Kinshasa inasoma salamu za askari kwa jamaa zao. Tangu siku hiyo mama hakuwa na neno lingine. Redio, redio, redio.

Fundi alikuwa Muzee Kasereka, mtu wa Butembo, mwenye meza yake karibu na kambi. Aliifungua yetu, na harufu ileile ikatoka. Akasema spika imepasuka, na koili inayoshika mawimbi ya mbali imekatika. Alikuwa na redio moja iliyokufa ya kutolea vipande, lakini Mama Zawadi, mke wa kaporali, naye alikuwa akingoja kutengenezewa ya kwake, yenye ubovu uleule.

"Mmoja atapata sauti, mwingine sikio," akasema, akigusa spika, kisha koili. "Atakayewahi ndiye atachagua."

Asubuhi mama akanituma. "Kimbia umwambie sikio. Hata ikinong'ona, mimi nitaweka kichwa pale."

Nilikimbia kweli. Lakini watoto wa Katindo walikuwa wakituita wakimbizi wa moto, hawakutaka kucheza nasi, na kwao kulikuwa na muziki. Nilitaka redio yetu ipige kelele mpaka waje wenyewe kuomba kuingia uani.

"Mama amesema nini?" Muzee Kasereka akauliza.

"Sauti."

"Na mukubwa wako yuko vitani?"

"Mama anataka sauti, muzee."

"We mutoto, mbona unatoka jasho hivi?"

"Nimekimbia."

Nyumbani nikasema sikio lilikuwa limekwisha kuchukuliwa. Mama akaniangalia kidogo, akaendelea kumenya viazi.

Jumapili redio yetu ilipiga nyimbo za Kigali mpaka kuku wakahama. Watoto wakaja, wakacheza, wakaniita kwa jina langu. Papa alipotafuta Kinshasa, ilitoka shaaa tupu, kama maharage yanayokaangwa.

Juma lililofuata Mama Zawadi akapita. "Mama Bahati, yangu inashika Kinshasa vizuri! Muzee Kasereka anasema mutoto wako ndiye aliniachia sikio. Uje usikilize."

Mama aligeuka kuniangalia. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akinipiga kwa kuvunja sahani moja tu. Nikangoja fimbo. Akasema tu, "Nitakuja."

Hakwenda. Jumapili ya kwanza alikuwa na nguo za kufua. Ya pili, kichwa kilimuuma. Ya tatu alikaa akamenya viazi.

Ya nne Mama Zawadi akaja mbio, kitenge kinamwanguka. "Mama Bahati! Wamesoma jina la Bahati!"

Mama alikuwa anasonga bugali. Aliacha mwiko, akaziba masikio kwa mikono yenye unga. "Usiniambie! Usiniambie!"

"Ni salamu! Anakusalimia, we mama! Toa mikono!"

Masikio yote mawili meupe. Uani wote walicheka, na mama naye akacheka mpaka machozi. Salamu ile ingeingia kwetu, ingenong'ona kwa mama mwenyewe, kama si mimi.

Salamu hiyo ikawa ya mwisho. Baadaye kambi ilileta karatasi ya kifo cha Bahati. Mama aliipokea, hakuikunjua, akampa papa.

Miaka mingi niliishi na jambo hilo: nilimwibia mama salamu ya mwanawe. Alikufa sijamwambia.

Halafu waasi wengine wakaingia, safari hii upande wetu, na mwanangu alikuwa katika mji wa Kiwanja kwa biashara ya maharage. Simu yangu ilikuwa na moto, yaani chaji, na mtandao ulikuwepo. Ikalia, namba nisiyoijua. Niliitazama, nikaizima. Nikaenda nyuma ya nyumba kuosha sombe, yale majani ya muhogo, nikaiosha na kuiosha. Niliiwasha jioni. Alikuwa ni yeye, mzima, kwa simu ya mtu.

Ni pale, majani mkononi, nilipomwelewa mama. Kwa Mama Zawadi hapakuwa mbali, ni kuvuka njia tu. Alinituma kuleta sikio kwa sababu mzazi hawezi kusema vingine mbele ya watu. Hakunipiga kwa sababu nilikuwa nimemletea kile ambacho asingethubutu kukiomba: redio isiyoweza kumletea habari ya mwanawe, njema wala mbaya.