Warusi wa Babu Niliowavisha Abaya

Nakiri kwanza: niliwavisha Warusi abaya. Kwa kalamu ya wino mzito, kutoka shingoni mpaka kifundoni, wasichana wote kumi na wawili wa albamu ya babu. Kesho yake skuli yetu hapa Ibra, Omani, ingewaheshimu waalimu wastaafu, na babu alitaka kuwaonyesha wanafunzi wanajimnastiki wake. Nilijidai nawasitiri. Kweli yenyewe, nilitaka kucheka.

Babu, baba yake mama, alitoka Unguja akenda Moscow kusomea mazoezi ya viungo. Picha alizikata magazetini huko. Siku yake ya kwanza kazini huku Omani, mji wa Sur, alikuta uwanja wa mchanga mtupu. Akamwomba mkuu wa skuli boriti, ule ubao mwembamba wanaotembelea na kupindukia juu yake.

"Ustadh, hapa pana mpira," mkuu akamjibu. "Kupinduka wafundishe nyani."

Babu akalaza gogo la mtende, akatundika picha ukutani. "Tazameni goti," akiwaambia wanafunzi. Mrusi akitua, goti hulegea kidogo, kisha mwili husimama kama msumari. Akipiga hatua moja ya kujishika, alama imekwenda. Alifundisha hivyo mpaka Nizwa, mpaka alipostaafu.

Asubuhi ya sherehe alifungua albamu, akapitisha kidole juu ya wino.

"Niliwasitiri, babu," nikasema.

"Umesitiri magoti. Nitafundishia nini?"

Akaichukua vivyo hivyo. Jukwaani aliinua ukurasa wa kwanza, skuli nzima ikaangua kicheko. Babu akaniita kwa kidole. "Njoo, fundi wa abaya. Panda kiti. Leo wewe ndiye Mrusi."

Nikakunja kanzu, nikaruka. Nikayumba, nikapiga hatua.

"Alama imekwenda. Huyu wa pichani alikuwa mdogo kama kinda, akipinduka mara mbili angani, uso umetulia. Panda tena."

Kila ukurasa, mruko mmoja na hadithi yake. Mrusi wa nne alianguka kwenye boriti mbele ya ukumbi uliojaa. Akapanda tena, akamaliza, watu wakasimama wakimpigia makofi. Wa saba alishindana mguu umefungwa bendeji. Kufika wa tisa, wenzangu walikuwa hawacheki tena, na mapaja yangu yanatetemeka. Mruko wa kumi na mbili nilitua, nikabaki pale pale.

"Hivyo," babu akasema. Akawageukia wanafunzi. "Wengi wao wamezeeka, wengine wamekufa. Walivunjika mifupa ili sisi tuone mwili unaweza nini. Miye nimestaafu mshahara tu. Kuwataja sijastaafu."

Jioni nilimsimulia mama, nikijisifu kidogo kwa lile la mwisho. Alikuwa anakunja nguo, hakuniangalia.

"Kwa picha hizo hizo baba alinifundisha mie," alisema, "uani, mlango umetiwa komeo. Na mie nilikuwa nikitua mara ya kwanza tu, bila kupiga hatua."